Kwa nini asiyeona alipie kompyuta mara mbili?

Hebu tuanze na hesabu, maana hesabu haina huruma, na leo sitaki huruma ya mtu.

Katikati ya miaka ya 2000, mtu anayeona akitaka kutumia kompyuta alihitaji kununua kitu kimoja: kompyuta. Asiyeona alihitaji viwili. Kompyuta, kisha programu ya kumsomea yaliyomo, kwa sababu kioo cha kompyuta kwake ni kioo tu, hakina tofauti na cha dirisha. Programu iliyotawala soko hilo duniani inaitwa JAWS. Toleo la kawaida liliuzwa dola 895. Toleo la maofisini, dola 1,095. Kwa fedha hiyo ungeweza kupata kompyuta nyingine mpya. Yaani asiyeona alilipia kompyuta mbili ili atumie moja, na toleo jipya likitoka anaingia tena mfukoni.

Msiniambie hayo ni ya kale. Leseni ya kudumu ya JAWS bado iko kwenye dola elfu moja. Mwaka 2018 wenye programu walianza kuwauzia watumiaji wa nyumbani leseni ya mwaka mmoja isiyofika dola 100, lakini walianzia Marekani, kwao. Sisi huku tupige hesabu ya dola elfu moja. Kwa shilingi ya Tanzania ni zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mtumishi wa ngazi ya chini asiyeona anatakiwa afanye kazi zaidi ya miezi minne bila kula, bila nauli, bila kodi ya nyumba, ndipo aweze kusoma barua pepe yake mwenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kukaa karibu na mtu anayetumia programu hizi, nieleze kidogo. Kisoma skrini hakisomi tu maandishi. Kinataja kila kitu unachokipitia: menyu, kitufe, kisanduku cha kujaza, herufi unayoiandika, herufi unayoifuta. Mtumiaji hagusi mausi, anatembea kwa kibodi peke yake. Wazoefu huiharakisha sauti mpaka wewe na mimi tunasikia kama nyuki ndani ya mzinga, wakati mwenzako ameshamaliza ukurasa na anasubiri ufungue mdomo. Ukikaa nao siku moja utaacha kabisa kuwaonea huruma. Utaona wivu.

Sasa, JAWS ina utaratibu mmoja ambao ukiusikia mara ya kwanza utacheka, halafu utanyamaza. Bila leseni, inafanya kazi dakika 40. Zikiisha, inakata. Kuirudisha lazima uzime kompyuta na kuiwasha upya, ndipo upewe dakika nyingine 40.

Chuoni nilisoma na jamaa mmoja asiyeona. Chuo sikitaji, na yeye simtaji, kwa sababu sasa ni mtu na heshima zake na hakuniomba niwe msemaji wake. Maabara ya kompyuta ilikuwa na mashine moja "ya walemavu", na kwenye mashine hiyo kulikuwa na JAWS bila leseni. Jamaa aliandika insha zake zote za mwaka wa kwanza kwa vipande vya dakika 40. Alikuwa na saa inayosema. Ikifika dakika ya 37 anasevu, anazima, anawasha, anasubiri mashine ile kongwe iamke, anaendelea. Siku ya mtihani wa saa tatu uliofanyika kwenye kompyuta, tulioona tulikuwa na saa tatu. Yeye alikuwa na saa tatu kasoro kuzima na kuwasha mara nne.

Siku moja msimamizi wa maabara alimjia juu. "Kijana, mbona unaizimazima hiyo mashine? Utaiua!"

"Shikamoo mzee," akajibu bila kugeuka. "Si mimi ninayeizima. Ni leseni."

Mzee hakuelewa, na simlaumu sana. Nawalaumu waliomweka pale bila kumwambia chochote. Maana ninapozungumzia mwaka ule, programu ya bure inayofanya kazi ileile ilikuwepo kwa karibu miaka kumi. Nitaifikia.

Kabla ya hapo kuna jambo wasomi wetu wanapenda kulisema, wakikunja nyuso kabisa: kwamba wasioona wengi wanatumia JAWS iliyovunjwa, na huo ni wizi. Haya. Mimi nauliza swali dogo tu. Hiyo Word uliyoandikia tasnifu yako ulinunua duka gani? Nchi nzima ilijifunza kompyuta kwa CD za kunakili, mawaziri kwa makarani, na hakuna aliyeitwa mwizi. Ila asiyeona akipewa flashi yenye programu iliyovunjwa ili asome majibu yake ya mtihani, hapo ndipo tunakumbuka hakimiliki. Aliyemwekea mtu bei ya mishahara minne kwenye mlango wa kusoma, kisha akashangaa mtu kuruka ukuta, hajafikiri vizuri.

Lakini nisiwe mwongo. Aliyeianzisha JAWS hakuwa bepari wa katuni mwenye sigara kubwa. Ted Henter alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano, Mmarekani, aliyepoteza macho kwenye ajali ya gari mwaka 1978. Alijifunza kuandika programu akiwa haoni, akaanzisha kampuni na mwenzake Bill Joyce mwaka 1987, na JAWS ya kwanza ikatoka 1989, enzi za DOS. Aliijenga kwa kuwa yeye mwenyewe aliihitaji. Soko lilikuwa dogo, kazi ilikuwa kubwa, na kila Microsoft walipobadilisha kitu ilibidi kuifumua upya. Watu wale walistahili kula.

Tatizo ni nani alitarajiwa kulipa. Marekani, mara nyingi mtu asiyeona hakutoa dola zile mfukoni mwake. Idara za majimbo za kuwarudisha watu kazini zilimnunulia, au shule yake, au mwajiri wake, na nyuma yao kulikuwa na sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu. Bei ile ilipangwa kwa mnunuzi mwenye serikali mgongoni. Ikavuka bahari kama ilivyo, ikafika Tabora na Thika kwa mtu mwenye mama mgongoni, na mama anauza vitumbua.

Ndipo kule Brisbane, Australia, wakatokea vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Mwaka 2006 Curran alianza kuandika kisoma skrini chake, Teh akajiunga naye, na wakakiita NVDA. Mwaka 2007 wakaunda shirika lisilo la faida, NV Access. Wakaitoa programu bure, na si bure ya dakika 40. Ni programu huria: unaipakua, unaitumia, unamgawia mwenzako, na ukiwa na ujuzi unaifungua ndani na kuirekebisha. Unaweza kuibeba kwenye flashi, ukaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows pale kafe au ofisini, ikaanza kuongea bila kumuomba mtu ruhusa. Leo ni miongoni mwa visoma skrini viwili vinavyotumika zaidi duniani kwenye kompyuta, bega kwa bega na JAWS.

Fikirieni hilo. Kampuni kubwa zenye majengo ya vioo zilikuwa na fedha na wahandisi. Waliokuja kuvunja bei ni wawili walioumizwa na bei.

Na wakubwa nao, kidogo kidogo, wakaona aibu. Apple waliweka VoiceOver ndani ya kompyuta zao mwaka 2005, na ndani ya iPhone mwaka 2009, bila kuongeza senti. Android nayo ikapata TalkBack mwaka huohuo wa 2009. Leo karibu kila simu janja iliyoko mfukoni mwako inajua kusoma kwa sauti. Hujui tu kwa sababu hujawahi kuhitaji.

Kwa hiyo hoja ya bei, iliyokuwa hoja ya kweli, imebaki na miguu dhaifu sana. Ndiyo maana nina hasira. Kwa sababu milango bado imefungwa, na safari hii waliofunga si Wamarekani.

Mwaka juzi nilimsindikiza jamaa yangu yuleyule benki. Sasa ni mwajiriwa, ana mshahara, ana akaunti yake. Tumefika dirishani, dada wa kaunta ananitazama mimi. "Kaka, mwenzako anataka kutoa kiasi gani?" Jamaa akasema kwa upole, "Dada, mimi niko hapa." Dada akatabasamu, kisha akaniuliza tena mimi kama ana kitambulisho. Baadaye akaniambia, mimi, kwamba fomu lazima ajaziwe na mtu anayemwamini. Alikuwa hanijui jina wala ukoo. Ila nina macho mawili, basi nikaaminika.

Tukamuuliza kuhusu huduma ya simu. Programu yao ya simu ilikuwa ya kupendeza kweli, rangi na picha tele. Jamaa akawasha TalkBack akaifungua. Simu ikamwambia: kitufe kisicho na jina. Akateleza kidole. Kitufe kisicho na jina. Tena. Kitufe kisicho na jina. Kimojawapo kinatuma fedha zote, kingine kinaangalia salio. Bahati nasibu hiyo. Mtengenezaji alisahau kuandika neno moja moja nyuma ya kila picha. Maneno kumi, labda kumi na tano. Kwa kukosa maneno hayo, mtu mzima mwenye shahada anampa mdogo wake wa darasa la sita simu na namba ya siri.

Hapa ndipo neno heshima linapopata maana, jamani. Tunapenda kulisema kwenye hotuba. Heshima ni kusoma barua yako mwenyewe kabla mtu mwingine hajaisoma. Majibu ya hospitali kwanza anayajua dereva wa bodaboda aliyeombwa kuyasoma. Ujumbe wa mchumba unasomwa na dada, na dada anacheka. Mshahara wako unajulikana na nyumba nzima, na kila mwenye kujua ana shida. Mtu anayeishi hivyo hana siri hata moja, na hakuna anayemwona kama ameibiwa kitu.

Nasi tumeshughulika na nini? Na majina. Miaka mingi tumebishana kama tuseme kipofu, asiyeona, mlemavu wa macho, au mtu mwenye ulemavu wa kuona. Mjadala huo una sababu yake, sikatai. Ni kweli lugha yetu iliwapanga kipofu, kiziwi, kiwete na kilema kwenye ngeli moja na kikombe na kijiko, hata kama upatanisho ukaja kuwaokoa tukasema kipofu huyu na si kipofu hiki. Lakini jamaa yangu anasema afadhali aitwe kipofu na fomu iwe inasomeka.

Twende kwenye nyaraka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 Kenya waliuridhia 2008, Tanzania 2009. Mkataba huo unazitaka serikali zipe kipaumbele teknolojia za bei nafuu, na unataja intaneti kwa jina lake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumvusha vikwazo vyake. Maneno mazuri kabisa. Sasa tafuta nyaraka hizo, au tangazo la ajira, au fomu ya mkopo wa chuo, kwenye tovuti za ofisi zetu. Mara ngapi utakuta PDF iliyopigwa skani, mhuri umekaa upande, ukurasa umelala? Kwa macho yako ni barua. Kwa kisoma skrini ni picha ya barua, haina hata herufi moja ndani. NVDA ikifika pale inakaa kimya. Na mtu aliyeichapa alikuwa nayo kwenye Word! Aliichapa, akaitoa kwenye karatasi, akaipiga mhuri, akairudisha kwenye kompyuta kwa skana. Amefanya kazi ya ziada ili wasioona wasiisome. Magazeti nayo, wale wanaoweka kurasa zao mtandaoni kama picha, hawana cha kujitetea.

Kuna lile zoezi lingine la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Andika herufi hizi zilizopinda. Chagua picha zenye taa za barabarani. Asiyeona anashindwa, na mashine inaamua kwamba si binadamu. Sijaongeza chumvi. Ndivyo zoezi lilivyoandikwa.

Halafu zinakuja sherehe. Kila baada ya muda tunapiga picha: mheshimiwa anakabidhi kompyuta mpakato tatu kwa shule ya wasioona, bango nyuma, watoto wameimba. Nenda mwaka unaofuata uulize ndani ya zile mpakato kuna kisoma skrini gani, na nani amemfundisha mwalimu kukitumia. Mara nyingi zimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu zisiibiwe. Fedha iliyolipia maturubai na soda ya siku ile ingemlipa mwalimu wa kufundisha NVDA kwa wiki nzima, na mwalimu huyo angeweza kuwa asiyeona mwenyewe.

Najua mtakachosema. Wako wachache. Nchi ina shida ya maji, madawati, dawa. Sawa, lakini mimi siombi mtu achimbe kisima kimoja pungufu. Kijana unayetengeneza programu za simu pale Kijitonyama au Kilimani, kuandika "Tuma" nyuma ya kitufe cha kutuma kunakula bajeti gani ya maji? Afisa ugavi, kuongeza sentensi moja kwenye zabuni kwamba mfumo lazima usomeke kwa kisoma skrini, la sivyo mzabuni halipwi, kunapunguza madawati mangapi? Na kama mfumo umejengwa bila hiyo, wa kuurekebisha atakuja kutulipisha upya. Huo ndio uchumi wenu.

Sehemu moja inahitaji fedha kweli, nayo haizungumzwi: sauti. NVDA ni bure, lakini inazungumza kwa injini ya bure iitwayo eSpeak NG. Inajua Kiswahili, na waliokiweka humo Mungu awabariki. Ila ni Kiswahili cha roboti aliyeingia ndani ya bomba la maji. Wazoefu wanakizoea. Mtoto wa darasa la tatu anayeanza, au bibi aliyepoteza macho ukubwani kwa glakoma, atakizima baada ya dakika tano. Wakati huohuo Microsoft wana sauti nzuri sana za Kiswahili kwenye huduma yao ya Azure: Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Ukiwasikia unaweza kudhani ni watangazaji wa redio. Lakini hao wanakaa kwenye mashine za mbali na huduma yao inauzwa kwa makampuni. Hawakai bure kwenye kompyuta isiyo na intaneti kule Buigiri.

Mnakumbuka Kilinux? Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walituletea Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, bure. Tulifanya hivyo wakati intaneti yenyewe tulikuwa tunaipimia kwa dakika kwenye kafe. Leo tuna vitivo vya kompyuta kila kona na mabaraza mawili ya Kiswahili yanayojua kuandaa makongamano. Sauti moja nzuri ya Kiswahili, huria, inayokaa ndani ya kompyuta na kuunganika na NVDA, ni mradi wa kitivo kimoja chenye nia, studio moja na wasomaji wawili wenye subira. Nani anaufanya?

Wakati tunasubiri jibu, nina kazi ndogo kwenu. NVDA inapatikana bure kwenye tovuti ya NV Access. Ipakue leo. Ifungue kwenye tovuti ya ofisi yako, ya benki yako, ya chuo chako. Zima kioo, weka mausi mbali, ujaribu kufanya kitu kimoja tu: kujaza fomu ya maombi mpaka mwisho. Ukikwama, andika ulipokwamia, uwatumie wenye tovuti. Mimi nimeshaandikia ofisi tatu. Moja imejibu kwamba suala langu linashughulikiwa, na imeambatanisha barua rasmi. Barua hiyo imepigwa skani.